Njaa iliyonyamaza: Kalori zilipomshinda fundi cherehani

Kuna zawadi niliyompelekea dada yangu Tanga ambayo mpaka leo naionea haya. Ulikuwa mzani mdogo wa jikoni, ule wa betri unaopima gramu, pamoja na daftari la mistari. Nilikaa naye barazani kwake Ngamiani nikamwelekeza kama mwalimu: kila kitakachoingia mdomoni kipime, kiandike, jumlisha jioni, usivuke kalori 1,500. "Hesabu haidanganyi, dada," nilimwambia. Alinisikiliza kwa upole, kwa sababu sukari yake ilikuwa imepanda na daktari alishamwambia mara tatu apunguze mwili.

Dada yangu si mtu wa kuogopa namba. Ni fundi cherehani. Futi inamning'inia shingoni kuanzia asubuhi mpaka usiku, na akikutazama tu unavyoingia mlangoni anajua dera lako litakula mita ngapi. Lakini daftari lile, ambalo alinirudishia baadaye na ninalo hapa mezani, linaonyesha kilichotokea. Mstari wa kwanza: "Chai ya rangi, sukari vijiko 2 – 40." Mstari wa pili: "Chapati 1 –". Baada ya hapo hakuna namba, ni alama ya kuuliza iliyokolezwa kwa kalamu mpaka karatasi imetoboka. Chapati ile aliipika mwenyewe. Unga aliuchota kwa bakuli, mafuta aliyamimina kwa macho, akasukuma, akapaka, akakunja, akasukuma tena, akapaka tena juu ya kikaango. Nani angemwambia ina kalori ngapi? Mimi mwenyewe niliyempa kazi hiyo sikujua.

Aliandika kwa siku nne. Siku ya tano kulikuwa na shughuli kwa jirani, wakakaa wanawake sita kwenye sinia moja la pilau, na ukurasa wa siku hiyo una neno moja tu: "Sinia." Kuanzia ukurasa unaofuata ni vipimo vya wateja. Kifua 42, kiuno 38, urefu 56.

Nimeyafikiria sana maandishi hayo. Kalori tunayoambiwa tuihesabu ilizaliwa kwenye maabara, mbali na majiko yetu. Mwishoni mwa karne ya 19 mkemia Mmarekani Wilbur Atwater, wa Chuo Kikuu cha Wesleyan kule Connecticut, alichoma vyakula ndani ya chombo kilichofungwa akapima joto lililotoka, kisha akawaweka watu hai ndani ya chumba maalumu akapima joto la miili yao. Kutoka kwake tulipata zile namba za vitabuni: gramu moja ya wanga au protini ni kalori 4, ya mafuta ni 9. Mwaka 1918 daktari mmoja wa California, Lulu Hunt Peters, akaandika kitabu kilichowafundisha wanawake wa nchi yake kukitazama chakula kwa kalori badala ya vipande vya mkate, nacho kikanunuliwa kama karanga. Hesabu hiyo inawezekana pale ambapo chakula kinatoka kwenye kopo lenye lebo na kila mtu ana sahani yake. Mwanamke anayekamua tui la kwanza na tui la pili kwa mkono, kutoka kwenye nazi ambayo hakuna aliyeipima, aandike nini? Mikono sita inapoingia kwenye sinia, nani anahesabu matonge ya mwenzake, na nani atakuwa na uso wa kuhesabu ya kwake?

Sisemi kwamba nishati ya chakula ni uongo. Ni kweli tupu, na mwili uliopungua umepungua kwa sababu ulitumia zaidi ya ulivyoingiza. Ninachosema ni kwamba kumkabidhi mtu daftari hakumpi shibe.

Baada ya miezi kadhaa daktari wake wa kliniki ya kisukari alibadilisha dawa. Alimwandikia semaglutide, dawa ambayo watu wengi wanaijua kwa jina la kibiashara la Ozempic. Inakuja kwenye kalamu ya sindano, na huchomwa mara moja kwa wiki. Dada alichagua Ijumaa baada ya adhuhuri ili asisahau. Mara ya kwanza nilikuwepo. Alitoa kalamu kwenye friji, mahali pa mbali na barafu, kwa sababu kabla ya kuanza kutumika inatakiwa ikae kati ya nyuzi 2 na 8, na ikiganda imeharibika. Akafungia sindano fupi, nyembamba kuliko hata zile za cherehani yake. Akazungusha kitako cha kalamu, kikawa kinalia tik, tik, tik, mpaka namba 0.25 ikatokea kwenye kidirisha. Akabana ngozi ya tumbo, akachoma, akabonyeza mpaka kidirisha kikasoma sifuri, halafu akaiacha sindano ndani ya ngozi akihesabu taratibu kwa sauti: moja, mbili, tatu, nne, tano, sita. Tangu siku hiyo ndiyo hesabu pekee anayoifanya.

Wiki mbili za kwanza hakuona kitu. Ya tatu alinipigia simu, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyeona jambo la ajabu. Mteja alimletea sambusa sita za moto. Alikula mbili, akafunika sahani, akaendelea kushona. Magharibi ilipoadhiniwa ndipo alipozikumbuka. "Mdogo wangu," aliniambia, "nimezisahau. Mimi! Nimesahau sambusa!" Kisha akanyamaza kidogo, akasema neno ambalo sikuwahi kulisikia kwake kwa miaka yote tuliyokula pamoja. Alisema kwamba tangu ujana wake kumekuwa na sauti. Hata akiwa ameshiba inamwita jikoni. Inamkumbusha kilichobaki kwenye sufuria, mkate uko kabati gani, nani ameacha nyama. Alidhani kila mtu anayo, na kwamba wenzake wanajua kuizuia na yeye hajui. "Sasa imenyamaza," alisema.

Watu wanaotumia dawa hizi huko Ulaya na Marekani wanasimulia habari hiyohiyo na wameipa jina: kelele za chakula. Methali yetu inasema mwenye shibe hamjui mwenye njaa. Siku zote tumeitumia kwa tajiri na maskini. Mimi sasa naisikia kwa maana iliyo karibu zaidi, ya watu wawili waliokaa kwenye sinia moja, wamekula matonge yaleyale, mmoja ameshiba na mwenzake bado anaitwa. Mimi ndiye niliyekuwa nimeshiba, na kwa miaka mingi nilimwita mlafi moyoni mwangu.

Sauti hiyo ina asili yake mwilini. Mwaka 1994 Jeffrey Friedman na wenzake wa Chuo Kikuu cha Rockefeller, New York, waligundua leptini, homoni inayotengenezwa na mafuta ya mwili yenyewe ili kuuambia ubongo kwamba akiba ipo. Ukipungua, leptini hushuka, na ubongo huanza kupiga kengele ya njaa kana kwamba kuna ukame umeingia. Miaka 50 kabla ya hapo, Vita vya Pili vya Dunia vilipokuwa vinaelekea ukingoni, mtaalamu Ancel Keys wa Chuo Kikuu cha Minnesota alichukua vijana 36 wa kiume, wazima, wenye nidhamu, waliojitolea wenyewe, akawapunguzia chakula karibu nusu kwa takriban miezi sita. Vijana wale walianza kuota chakula, kukizungumza kutwa, na wengine kukusanya vitabu vya mapishi wakavisoma kama riwaya. Hakuna aliyekuwa mlafi kabla. Njaa iliwafanya hivyo. Ukiyajua hayo, unaelewa kwa nini mtu anayejinyima kwa daftari hushinda wiki, hushinda mwezi, kisha siku moja hukutwa saa sita usiku anakwangua ukoko.

Dawa hii inafanya kazi palepale kengele inapopigwa. Tunapokula, utumbo wetu hutoa homoni iitwayo GLP-1. Huchochea kongosho litoe insulini, hupunguza mwendo wa tumbo kumwaga chakula, na huufikishia ubongo habari kwamba kinatosha. Tatizo lake ni kwamba huvunjwa mwilini ndani ya dakika mbili hivi. Kazi kubwa ya wanasayansi ilikuwa kutengeneza kitu kinachofanana nayo lakini kinachodumu. Njia ilipita mahali ambapo hakuna ambaye angedhania: kwenye mate ya sumu ya mjusi wa Gila, anayeishi kwenye majangwa ya kusini magharibi mwa Marekani na kaskazini mwa Meksiko, mnyama anayeweza kukaa muda mrefu sana kati ya mlo na mlo. Daktari John Eng, aliyekuwa akifanya kazi kwenye hospitali ya wanajeshi wastaafu huko Bronx, alipata ndani ya sumu hiyo kemikali inayofanana na homoni yetu lakini haivunjiki upesi, na kutokana nayo ikapatikana dawa ya kisukari iliyoidhinishwa mwaka 2005. Kule Denmark, Lotte Bjerre Knudsen na wenzake wa kampuni ya Novo Nordisk walifuata njia nyingine: waliiunganisha homoni na asidi ya mafuta ili ing'ang'anie protini ya damu isivunjwe. Matunda yake ya baadaye ndiyo semaglutide, ambayo nusu yake bado iko mwilini baada ya wiki nzima. Ndiyo maana sindano moja ya Ijumaa inatosha mpaka Ijumaa nyingine.

Na hapa kuna jambo ambalo ningependa kila anayemcheka mtu mnene alisome mara mbili. Jaribio kubwa la dawa hii kwa watu wanene wasio na kisukari, lililochapishwa mwaka 2021, lilihusisha watu 1,961 katika nchi 16 kwa wiki 68. Baadhi walichomwa dawa, wengine sindano isiyo na kitu, na hakuna aliyejua yuko kundi gani. Wote, nasema wote, walipewa ushauri uleule: wapunguze kalori 500 kwa siku, wafanye mazoezi dakika 150 kwa wiki, na wakutane na mshauri kila baada ya wiki nne. Waliopata ushauri na sindano tupu walipungua asilimia 2.4 ya uzito wao kwa wastani. Waliopata ushauri uleule pamoja na dawa walipungua asilimia 14.9. Daftari lilikuwa moja. Kilichotofautiana ni njaa.

Katika utafiti mwingine mdogo, watu wazima 72 waliotumia ama dawa ama sindano tupu kwa wiki 20 walikaribishwa chakula cha mchana wakaambiwa wale mpaka waridhike. Hakuna aliyepimiwa, hakuna aliyekatazwa. Waliokuwa kwenye dawa walikula pungufu kwa asilimia 35. Mkono wenyewe uliacha tonge. Hivyo ndivyo mtu anavyopungua bila kuhesabu kalori: hesabu inafanyika, ila anayeifanya ni mwili, kimyakimya, kama unavyofanya kwa yule rafiki yako ambaye tangu shuleni anakula anachotaka na suruali yake ni ileile.

Sitaki mtu asome hapa akakimbilia duka la dawa akidhani ni muujiza. Dada yangu alianza na kilo 104. Baada ya mwaka mmoja na zaidi ana 96. Kilo nane. Wenye kisukari hupungua kidogo kuliko wasio nacho, na majaribio yanaonyesha hivyo hivyo. Kwake daktari alikuwa akiitazama zaidi sukari, nayo imetulia. Picha za kabla na baada zinazosambazwa kwenye simu, za mtu aliyegeuka kuwa mwingine kwa mwezi, hazifanani na anachokiona mtu halisi. Dada alijua amepungua siku alipovaa dera lake la Iddi akakuta mabega yanateleza. Alilivua palepale, akalikaza mshono kwa sentimita tatu kila upande, akalivaa tena akaenda kula sikukuu.

Kupungua huko nako kulimletea maneno. Sisi watu wa pwani tunamsifu aliyenawiri. Mwanamke akinenepa baada ya ndoa tunasema ametunzwa. Na wenye umri wangu tunaikumbuka miaka ya tisini, ambapo mtu akikonda mtaani watu walinong'ona ugonjwa mmoja tu. Jirani alikuja na uji wa pole. Mwingine alimuuliza waziwazi, "Shoga, unaumwa nini?" Dada hakutaka kusema anachoma sindano, maana angeambiwa anajipenda mno. Kwa hiyo mtu huyohuyo alidharauliwa kwa unene, akahurumiwa kwa kukonda, na alijua kwamba angesema ukweli wangemsema kwa dawa. Naona huo ni ukatili, na nadhani tunaufanya bila kufikiri. Utafiti wa afya ya jamii wa Kenya wa mwaka 2022 ulikuta kwamba karibu asilimia 45 ya wanawake wa miaka 20 hadi 49 wana uzito uliozidi au unene uliopitiliza. Hao si wachache wa kunyooshewa kidole. Ni mama zetu na dada zetu, nusu ya walioketi kwenye mkeka.

Madhara nayo tuyaseme. Wiki ya tano, dozi ilipopandishwa kutoka miligramu 0.25 hadi 0.5, dada alikula sahani ya biriani la kiporo lenye mafuta mengi kwa mazoea ya zamani. Tumbo lililokuwa limepunguziwa mwendo halikukubali. Alitapika mpaka alfajiri. Kichefuchefu, kutapika, kuharisha na choo kigumu ndiyo malalamiko ya kawaida, hasa dozi inapopanda, na ndiyo sababu hupandishwa polepole, wiki nne nne. Yapo makubwa zaidi ingawa hutokea kwa nadra: mawe kwenye nyongo, na kuvimba kwa kongosho, ambako dalili yake ni maumivu makali ya tumbo yanayopenya hadi mgongoni na hayaachi. Mwenye historia ya aina fulani ya saratani ya tezi la shingo katika ukoo wake, ile iitwayo medula, hashauriwi kabisa kuitumia. Mwanamke anayetaka kubeba mimba anatakiwa aiache angalau miezi miwili kabla. Na anayekwenda kufanyiwa upasuaji amwambie mtaalamu wa usingizi, kwa sababu tumbo lake linaweza kuwa na chakula hata kama amefunga tangu jana.

Jambo ambalo watu hawalizungumzi vya kutosha ni misuli. Mwili unapopungua haupotezi mafuta peke yake. Katika kundi dogo la washiriki wa lile jaribio la 2021 waliopimwa kwa mashine, karibu kilo 4 katika kila 10 zilizopotea hazikuwa mafuta, na sehemu ya hizo ni misuli. Mtu mzima wa miaka 60 akipoteza misuli, kuinuka tu kwenye mkeka kunakuwa kazi. Kwa hiyo kutohesabu kalori hakumaanishi kula ovyo. Hamu ikipungua, nafasi tumboni inakuwa ndogo, na nafasi ndogo inataka chakula cha maana kiingie kwanza. Nesi wa kliniki alimpa dada agizo moja ambalo halihitaji mzani wala kalamu: anza na samaki. Kwa hiyo kwenye sinia lao la nyumbani siku hizi mkono wake huenda kwanza kwenye kibua au maharage, halafu mchicha, halafu wali, na mara nyingi akifika kwenye wali amemaliza. Asubuhi ni mayai mawili. Dagaa wa kukaanga anawaweka karibu na cherehani kama wengine wanavyoweka karanga. Maji anakunywa hata bila kiu, maana kiu nayo imepungua. Na ndoo za maji, ambazo zamani aliagiza watoto, sasa anazibeba mwenyewe, moja kila mkono, kutoka bombani mpaka uani. Hayo ndiyo mazoezi yake.

Nawaelewa madaktari wazee wanaokunja uso wakisikia dawa ya kukata hamu ya kula. Wameshuhudia mengi. Mwaka 1997 dawa zilizojulikana kama fen-phen, zilizokuwa zimetumiwa na mamilioni ya Wamarekani, ziliingia matatani baada ya kugundulika kwamba zinaharibu vali za moyo, na fenfluramine ikaondolewa sokoni. Mwaka 2010 ikafuata sibutramine, kwa hatari ya shambulio la moyo na kiharusi. Hofu yao ina msingi. Lakini kwa semaglutide matokeo ya moyo yamekwenda upande mwingine: jaribio la watu 17,604 wenye uzito uliozidi na ugonjwa wa moyo, lililotangazwa mwaka 2023, lilionyesha kwamba waliotumia dawa walipungukiwa hatari ya kifo cha moyo, shambulio la moyo au kiharusi kwa asilimia 20. Kwa mara ya kwanza dawa ya kupunguza unene ilionekana kuulinda moyo.

Hofu yangu kubwa iko mtaani. Kila nikifungua simu naona tangazo: pungua tumbo kwa wiki mbili, kalamu ipo, tunaleta mpaka mlangoni. Anayeileta ni bodaboda, na kalamu inayotakiwa kukaa kwenye baridi imefungwa kwenye mfuko wa plastiki juu ya tangi la mafuta, jua la saa saba. Hapo tunazungumzia kalamu ya kweli. Juni 2024 Shirika la Afya Duniani lilitoa tahadhari juu ya Ozempic bandia zilizokamatwa Brazil, Uingereza na Marekani mwaka 2023. Mwaka huohuo wa 2023 watu kadhaa nchini Austria walilazwa hospitali baada ya kujichoma kalamu bandia, na mamlaka za huko zilishuku kwamba ndani yake mlikuwa na insulini. Sukari yao ilishuka ghafla. Ikiwa Austria imeingiziwa, nani atasema Kariakoo haiwezi kuingiziwa? Nunua kwenye famasi yenye mfamasia unayeweza kurudi kwake, kwa cheti cha daktari, na uulize ilikaa wapi tangu ilipofika. Mfamasia mwema hatakasirika.

Halafu kuna pesa. Wegovy, yaani semaglutide ya dozi ya kupunguza uzito, ilipoingia sokoni Marekani mwaka 2021 bei yake ilitangazwa kuwa dola 1,349 kwa mwezi. Hapa kwetu kalamu moja ya dada inameza mishono mingi ya madera, na kuna miezi ambayo tunachanga ndugu wote wanne. Septemba 2025 Shirika la Afya Duniani liliiingiza dawa hii pamoja na wenzake watatu kwenye orodha ya dawa muhimu, kwa wenye kisukari ambao pia wana unene pamoja na ugonjwa wa moyo au wa figo. Na mwaka 2026 hataza yake inamalizika katika nchi kadhaa, ikiwemo India, ambako dawa nyingi zilizo kwenye famasi zetu hutoka. Ninasubiri kwa hamu nione bei itashukaje. Mwenye kisukari wa Handeni au wa Lamu ana haki ya kuipata kabla ya mtu anayetaka kupungua kwa ajili ya picha za harusi, na nchi inapopanga ununuzi wake naomba ianze na huyo wa kwanza.

Bei inauma zaidi kwa sababu dawa hii si ya kozi, kama ya malaria. Baadhi ya walioshiriki jaribio la 2021 walipofuatiliwa mwaka mmoja baada ya kuacha sindano, walikuwa wamerudisha theluthi mbili ya uzito waliopoteza. Anayemeza dawa ya presha hatumwambii ameshindwa maisha kwa sababu presha inapanda akiacha. Kengele ya leptini ilikuwa bado ipo pale, imefunikwa tu.

Tuliliona hilo kwa macho yetu. Kipindi kimoja cha mvua kalamu ziliisha mjini Tanga. Famasi anayonunua dada ikamwambia mzigo umechelewa, arudi Jumatatu, ikawa Jumatatu nyingine, na nyingine. Semaglutide huchukua wiki tano hivi kuisha mwilini, kwa hiyo wiki ya kwanza hakuhisi tofauti, na ya pili alijipa moyo. Wiki ya tatu, usiku wa saa tano, simu yangu ikaita.

"Mdogo wangu, imerudi."

"Nini, dada?"

"Ile sauti. Nimekula samaki na wali, nimeshiba kabisa, nimeswali, nimelala. Inaniambia kuna mkate wa kumimina kabatini."

Zamani ningemwambia ajizuie. Ningemuuliza daftari liko wapi. Nilikaa kitandani nikamsikiliza anavyopumua, na kwa mbali nikasikia mlango wa kabati.

"Umebaki mwingi?"

"Nusu."

"Basi kata kipande ule, ulale. Asubuhi naanza kuzunguka famasi za huku Dar."

Kalamu niliipata siku ya nne, nikaipakia basi la asubuhi ndani ya chupa pana ya chai yenye barafu, nimeizungushia taulo isigusane nayo. Daktari aliamuru aanze tena kwa dozi ndogo. Ila asubuhi ile iliyofuata simu, kabla ya hayo yote, dada alinipigia mwenyewe mapema, cherehani ikilia nyuma yake. Alisema alikula vipande viwili. Sikuwa nimemuuliza.